MTEJA HAJUI KAMA UPO
Maneno yaliyosemwa kwenye kikao cha tawi kuhusu kutafuta wateja kwa mitandao ya kikazi

*TAARIFA YA TAWI – MTUA*

Hapa chini ni maneno ya mjumbe wetu wa kamati ya uchumi aliyoyasema kwenye kikao cha tawi. Wengi hamkuweza kufika kwa sababu ya shughuli za mashambani, na waliofika wameomba yaandikwe ili wayarudie. Yameandikwa kama yalivyosemwa, tumetoa maswali na majibu tu. Ni marefu kuliko taarifa zetu za kawaida, yasomeni kwa utulivu.
_Katibu wa Tawi_

Ndugu Mwenyekiti, ndugu Katibu, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, vijana wenzangu, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa niseme habari ya wateja. Mtanisamehe, leo sina siasa. Nina jambo moja, nalo ni hili: hapa kwetu kuna watu wenye kazi nzuri mikononi, na kuna watu wenye fedha wanaohitaji kazi hiyo hiyo, na hawa wawili hawajuani. Fedha inapita barabarani inakwenda Mtwara, inakwenda Dar es Salaam, halafu sisi tunakaa kwenye baraza tunasema tumetengwa. Mara nyingine ni kweli tumetengwa. Lakini mara nyingi zaidi mteja hajui kama upo.

Mfano hai. Kambi moja ya mkandarasi ilihitaji vitanda vya chuma. Vitanda tu, si mtambo. Kazi ikaenda kwa fundi wa mbali, vikapakiwa kwenye Fuso vikaletwa huku kwetu, na nauli ikalipwa juu. Hapa Mtua tuna mafundi wa kuchomelea, na wengine wametengeneza madawati ya shule ambayo watoto wetu wanayakalia mpaka leo. Nilipomuuliza kijana wa manunuzi kwa nini hakutafuta fundi wa karibu, alinijibu kwa upole kabisa: "Mzee, ningemtafutia wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Huyo kijana katoka mkoa mwingine, hana shangazi Nachingwea, hana rafiki Ruangwa. Alifungua simu, akaandika anachotaka, aliyejitokeza ndiye aliyepata kazi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu namna sisi tunavyotafuta kazi. Fundi akikosa kazi anawaambia ndugu, jirani na watu wa msikitini au kanisani. Ni vizuri, lakini hao wote wanajua kile kile anachokijua yeye. Kama hakuna kazi Mtua, na jirani yako anajua hakuna kazi Mtua. Mtaalamu mmoja wa elimu ya jamii wa Marekani, anaitwa Mark Granovetter, aliandika jambo hili mwaka 1973. Aliwauliza watu wa mji mmoja karibu na Boston walipataje kazi zao. Katika wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, ni kama mmoja tu kati ya sita aliyekuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja: mtu aliyewahi kufanya naye kazi, mtu aliyesoma naye zamani. Mwaka 2022 watafiti wengine wakalipima jambo hilo kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, kwa muda wa miaka mitano, na wakakuta kwamba wanaomsaidia mtu zaidi kupata kazi mpya ni wale anaojuana nao kwa mbali kiasi, si wale wa karibu sana.

Hao walipima kazi za kuajiriwa, lakini kwa fundi mwenye karakana ni yale yale. Ndugu yako anakupenda, ila hajui zabuni ya Ruangwa. Yule uliyesoma naye Nachingwea miaka kumi na tano iliyopita, sasa ni karani wa kampuni ya usafirishaji Mtwara, huyo anaijua. Na hajakusahau. Kilichotokea ni kwamba hajui unafanya nini siku hizi.

Huo LinkedIn wengine mnausikia kwa mara ya kwanza. Ulifunguliwa mwaka 2003, na mwaka 2016 kampuni ya Microsoft ikaununua. Si kama Facebook ambako watu wanaweka picha za harusi. Kule mtu anaweka kazi anayofanya, mahali alipo, alichowahi kufanya, na watu wengine wanaweza kuandika kwamba ni kweli alinifanyia kazi hii. Kujiunga ni bure, unalipia bando lako tu. Kuna huduma za kulipia, achana nazo. Wanaokaa kule ni maofisa manunuzi, wahandisi, wasimamizi wa miradi, watu wa mashirika, wenye hoteli. Wateja wetu wa kununua ndoo ya mahindi hawako kule. Kwa hiyo anayeuza mahindi kwa ndoo asijisumbue, abaki na WhatsApp na mnada. Lakini fundi vyuma, fundi seremala, mshonaji wa sare na ovaroli, mama lishe anayeweza kupikia watu arobaini kwa wakati, mwenye lori, mwenye kikundi cha kubangua korosho, ninyi hii inawahusu.

Kwa nini sasa? Kwa sababu mnajua kinachoendelea upande wa Ruangwa. Kinywe kipo, mgodi wa Lindi Jumbo uko pale Matambarale, na leseni nyingine zinazungumzwa. Tangu mwaka 2018 zipo kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini. Zinamtaka mwenye mgodi kuzipa kipaumbele bidhaa na huduma za Watanzania zinapopatikana, na kuandaa mpango wa jambo hilo. Sikilizeni lile neno, _zinapopatikana_. Kanuni haitamleta mtu mlangoni kwako kukuuliza kama unajua kuchomelea. Usipopatikana, mwenye mgodi ataandika kwamba hakuna, na atakuwa hajasema uongo.

Na si migodi peke yake. Manunuzi ya serikali siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza mwaka 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Vikundi vyetu vya kina mama vingapi viko humo ndani? Nimeuliza, sitasema namba hapa, mtaona aibu. Pitieni kwa ofisa maendeleo ya jamii, ndiko vikundi vinakoanzia. Huo nao ni mtandao wa kikazi, tena wenye fedha ya uhakika kuliko huo wa Wamarekani.

Nirudi kwenye ukurasa wako wa LinkedIn, maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Vijana wetu wakijiunga wanaandika "mjasiriamali", basi. Mjasiriamali ni nini? Muuza karanga ni mjasiriamali na mwenye kiwanda cha saruji ni mjasiriamali. Mtu wa manunuzi haandiki "mjasiriamali" akitafuta fundi. Andika kazi yenyewe na mahali penyewe: fundi vyuma, vitanda, madawati, milango na mageti, Nachingwea na Ruangwa. Halafu mtafute mwalimu au mtoto wa kidato cha nne akuandikie maneno hayo hayo na kwa Kiingereza, kwa sababu wengi kule wanatafuta kwa Kiingereza. Mistari mitatu inatosha. Usikubali akuandikie maneno makubwa kwamba wewe ni kiongozi mwenye maono. Una mashine ya kuchomelea na vijana watatu, sema hivyo.

Picha. Ile picha ya studio umevaa suti ya kuazima, nyuma kuna maua, iache nyumbani. Weka picha ya uso wako ukiwa kazini, na picha za kazi. Geti lilivyokuwa kabla na lilivyo sasa. Ovaroli ishirini zimekunjwa ziko tayari kuondoka. Masufuria ya shughuli uliyopikia. Chini ya kila picha andika ni nini, ni vipande vingapi, ni wapi, ni mwaka gani, ulitumia siku ngapi. Hiyo "siku ngapi" ndiyo inayomfanya mtu wa manunuzi apige simu, kwa sababu yeye anasukumwa na muda. Omba ruhusa kwa mwenye kazi kabla ya kuweka picha yake, na ukiwa ndani ya mgodi au kambi usipige picha kabisa mpaka umeruhusiwa. Usiibe picha ya fundi wa Dar ukaiita yako. Watakuja kuona karakana.

Halafu ushuhuda. Umewahi kumtengenezea mwalimu mkuu madawati, akaridhika? Mfuate, mwombe aandike sentensi mbili kwenye ukurasa wako, naye atakuwa na ukurasa wake. Kama hana LinkedIn, akupe barua yenye mhuri, uipige picha. Sentensi mbili za mwalimu mkuu zina uzito kuliko sifa zako kumi unazojipa mwenyewe.

Baada ya hapo usikae ukingoje. Watu wanafungua ukurasa, wiki moja imepita hakuna simu, wanasema hii kitu ya wazungu haifai. Anza na unaowajua kwa mbali: mliosoma pamoja, walimu waliowahi kupangiwa hapa wakahamishwa, wauguzi, madereva, waliopita chuo cha ualimu Nachingwea ambao sasa wametawanyika nchi nzima. Waombe muunganishwe, wasalimie, waambie unafanya nini. Usiombe kazi siku ya kwanza. Kisha watafute walio kwenye kazi zinazokuhusu, na hapa nasisitiza, usimtafute mkurugenzi. Mkurugenzi hanunui vitanda. Mtafute ofisa manunuzi, msimamizi wa kambi, mtu wa ugavi. Mwandikie kwa adabu na kwa ufupi. Nimeandaa mfano, Katibu atautuma peke yake ili muunakili:

"Habari za kazi. Mimi ni fundi vyuma, karakana yangu ipo Mtua, Nachingwea. Nimetengeneza madawati 60 ya shule na vitanda 12 vya hosteli, picha zipo kwenye ukurasa wangu. Nina mashine mbili na vijana watatu. Mkiwa na kazi ya aina hii Nachingwea au Ruangwa, naomba nafasi ya kuleta bei. Asante."

Basi. Hakuna "mheshimiwa bosi wangu nisaidie mdogo wako maisha magumu". Mtu wa manunuzi akisoma maisha magumu anaogopa kwamba utachukua malipo ya awali utokomee. Badilisha idadi ziwe zako za kweli. Kama ni madawati sita andika sita, yapo makambi yanayohitaji sita.

Akikujibu, pokea simu. Nasema hili kwa sababu kuna fundi wetu mmoja, hayupo leo, ana laini tatu na zote hazipatikani. Weka namba moja, isibadilike, na WhatsApp ya biashara iwe kwenye namba hiyo hiyo, yenye orodha ya kazi zako na bei za kuanzia. Ukiwa shambani kusiko na mtandao, sema saa za kupatikana. Mteja wa mbali ataelewa kwamba uko shamba mpaka saa tisa, ila hataelewa siku nne za kimya.

Na atakuomba karatasi. TIN hutolewa bure TRA, asikudanganye mtu kukulipisha. Jina la biashara ni BRELA, siku hizi unaomba kwa mtandao. Leseni ni halmashauri. Akaunti ya benki au ya kikundi. Bila hivyo kampuni haiwezi kukulipa hata ikikupenda, kwa sababu mhasibu wao naye anakaguliwa. Watu wengi wanapoteza kazi hapa, wameshapewa kazi mdomoni, wanaambiwa tuma ankara, wanauliza ankara ni nini.

Sasa korosho, maana najua mnaisubiri. Korosho ghafi hutaiuza kwa mtu uliyemkuta mtandaoni, hata akikupa bei ya kukulewesha. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho, na kwetu mzigo unakwenda AMCOS, kisha chama kikuu RUNALI, kisha mnada. Anayekuja kwa mlango wa nyuma anafanya kangomba, na kangomba mnaijua ilivyowala wazee wetu. Lakini korosho iliyobanguliwa, ikapangwa madaraja, ikafungwa kwenye pakiti yenye jina la kikundi, hiyo ni biashara nyingine. Hiyo itafutieni wateja: hoteli, maduka ya Dodoma, Watanzania walioko Oman na kwingineko wanaokumbuka ladha ya nyumbani. Anzeni na SIDO, wao huwaongoza wajasiriamali wadogo mpaka kwenye alama ya ubora ya TBS. Duka la maana halitapokea pakiti isiyo na alama. Kikundi kikiwa na alama hiyo, picha ya pakiti inajiuza yenyewe.

Matapeli. Kukiwa na watu wanaotafuta kazi, wapo wanaowatafuta hao watu. Atakuja mtu LinkedIn au WhatsApp, ana nembo ya mgodi, ana Kiingereza kizuri, anasema umepata zabuni ya milioni arobaini, tuma laki moja na nusu ya usajili au ya fomu. Usitume. Zabuni ya serikali utaiona kwenye NeST, siyo kwenye ujumbe wa usiku. Kampuni binafsi nenda ofisini kwao, au piga simu ya ofisi uliyoipata kwingine, siyo ile aliyokupa yeye. Ujumbe wa kitapeli wa simu unautuma kwenda namba 15040, ndiyo TCRA waliyoitoa kwa kazi hiyo. Na asije mtu kuwaambia anakusanya fedha kwa niaba ya tawi ili majina yenu yapelekwe mgodini. Tawi halikusanyi.

Hapo niseme jambo ambalo huenda halitawapendeza wote, na Mwenyekiti ataniwia radhi. Nimeona barua za maombi ya kazi ambazo mstari wa kwanza ni namba ya kadi ya chama. Ndugu zangu, kadi tumeikata kwa imani, si kwa ajili ya vitanda. Ofisa manunuzi akiisoma atafikiri mawili: ama unamtishia, ama huna kazi ya kuonyesha. Kwenye ukurasa wako wa kazi weka kazi. Na grupu letu hili la tawi lisigeuzwe kuwa soko, Katibu ameshafuta matangazo ya vitenge mara ngapi.

Kamati imependekeza tuwe na orodha moja ya mafundi na vikundi vya Mtua, yenye jina la kazi, picha na namba ya simu, ambayo mtu yeyote akiuliza atapewa. Kuna waliosema iwe ya wanachama wetu tu. Mimi nimepinga na nitaendelea kupinga. Mtu wa kambi akihitaji mafundi kumi wa uashi na sisi tukampa wanne kwa sababu sita ni wa chama kingine, ataondoka na wote kumi kutoka Masasi. Wale wanne wetu nao watakosa. Orodha iwe ya Mtua nzima, na ikae ofisi ya kijiji, siyo hapa kwetu.

La mwisho, na wazee mtanisaidia kwa hili. Mteja mkubwa akipatikana, vijana huwa wanaacha wadogo wote. Nachingwea hapa walikuja Waingereza mwaka 1947 na mradi wa karanga, matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani mpaka huku. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Stesheni tumebaki nayo kama jina la mtaa, treni hakuna. Juzi juzi tena, nikeli ya Ntaka Hill, watu walishaanza kujenga vyumba vya kupangisha, kumbe suala linakwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Julai 2023 ikatoka hukumu ya dola milioni 109 dhidi ya nchi yetu. Baadaye pande mbili zikakubaliana milioni 90. Aliyejenga vyumba kumi kwa kutegemea nikeli ana vyumba kumi. Kwa hiyo ukipata mgodi, usimwache mwalimu mkuu wa madawati. Nusu ya kazi yako ikitoka kwa mteja mmoja, huo ndio wakati wa kufungua LinkedIn kutafuta wa pili na wa tatu, siyo siku atakapofunga geti.

Nimemaliza, Mwenyekiti. Maswali nayapokea.

*MAAMUZI YA KIKAO*

Orodha ya mafundi na vikundi itakuwa ya wakazi wote wa Mtua, na itakabidhiwa ofisi ya kijiji.

Vijana wawili wa tawi wenye uzoefu wa mitandao watakaa ofisini Jumamosi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane kusaidia kufungua kurasa. Ni bure na ni kwa wote. Njoo na simu yenye chaji, picha tano za kazi zako, TIN kama unayo, na barua ya mtu uliyemfanyia kazi kama ipo. Vikundi waje na cheti cha usajili. Wasio na simu janja waje pia, wataandikwa kwenye orodha. Umeme wa ofisi si wa kutegemea, atakayekuwa na pawabenki aje nayo.